Nyayo Zinapowaka Moto: Jinsi Erithromelaljia Inavyotambuliwa na Kutibiwa

Mwezi wa Julai, wakati Nairobi nzima inajifunika blanketi mbili, wapo watu wachache wanaolala na miguu nje, wameikanyagisha sakafu ya saruji au wameiegemeza ukutani. Baridi wanaisikia kama wengine. Mwili unatetemeka, ila nyayo zinawaka. Zimeiva, zimejaa kidogo, na zina joto ambalo mtu mwingine akigusa analihisi. Shuka nyepesi tu ikizigusa, maumivu yanapanda. Saa moja au tatu baadaye moto unapoa, na asubuhi miguu hiyo haina tofauti na ya abiria mwingine yeyote anayeshuka matatu pale Odeon.

Maumivu ya namna hii yanaitwa erithromelaljia. Aliyeyapa jina hilo, mwaka 1878, ni Silas Weir Mitchell, daktari wa Philadelphia aliyekuwa amewatibu askari wengi walioumia neva katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ni ugonjwa nadra kweli. Uchunguzi uliofanywa katika kaunti moja ya jimbo la Minnesota ulipata wagonjwa wapya 1.3 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Norway walipata wachache kuliko hapo. Takwimu za Minnesota haziwezi kuhamishiwa kwetu moja kwa moja. Hata hivyo, sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 Nairobi, na kwa kiwango kama hicho jiji hili lingepata wagonjwa wapya zaidi ya hamsini kila mwaka. Ni wachache kiasi kwamba daktari wa kawaida anaweza kustaafu bila kuwaona, na ni wengi kiasi kwamba haifai kuwasahau.

Karibu kila mwenye ugonjwa huu hupewa majina mengine kwanza. Ataambiwa ni jongo, apunguze nyama choma. Ataambiwa ni kisukari, au presha, au fangasi. Jirani atasema amekanyaga kitu alichotegewa. Ukiondoa la jirani, dhana hizo zina msingi, na mimi siwalaumu madaktari wanaoanza nazo. Kisukari ndicho chanzo kinachoongoza kwa miguu kuwaka moto. Upungufu wa vitamini B12 nao hufanya hivyo, na huweza kumpata mtu aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi. Pombe huunguza neva za miguu. Virusi vya Ukimwi vyenyewe huziharibu, na wengi walioanza ARV zamani wanaikumbuka stavudini, dawa iliyowaachia ganzi na moto nyayoni hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Isoniazidi ya kifua kikuu ikitumiwa bila vitamini B6 huleta matatizo yaleyale.

Kinachotenganisha erithromelaljia na haya yote ni mwenendo wake. Neva zilizoharibiwa na kisukari huuma kila siku, zikisindikizwa na ganzi, na mara nyingi mguu wenyewe hauna joto wala rangi ya ajabu. Jongo hushika kiungo kimoja, aghalabu kidole gumba, kikavimba na kuuma kwa siku kadhaa mfululizo. Maambukizi ya ngozi hushika mguu mmoja, huleta homa, na hayaji na kuondoka. Erithromelaljia huja kwa vipindi, kwa kawaida miguu yote miwili, wakati mwingine na mikono, mara chache masikio na uso. Huamshwa na joto: soksi, viatu vya kufunika, kutembea, kusimama foleni, kukaa kwenye basi lililofungwa madirisha, maji moto ya kuoga. Nayo hutulizwa na baridi pamoja na kuinua miguu, tena ndani ya dakika chache. Kipindi kikipita, miguu ya baadhi ya wagonjwa huwa baridi kuliko kawaida.

Kwa hiyo swali la kwanza halina gharama yoyote: joto linakufanyia nini, na baridi inakufanyia nini? Mgonjwa akijibu kwamba hukanyaga saruji ili apate usingizi, kwamba aliacha soksi, kwamba Januari na Februari ni miezi ya mateso na Julai ni ya nafuu, daktari ameshapewa zaidi ya nusu ya jibu. Hakuna kipimo kimoja cha maabara kinachothibitisha erithromelaljia. Hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa na kwa kuuona mguu ukiwa umewaka.

Kuuona ukiwa umewaka ndiyo kazi. Kliniki nyingi huwaona wagonjwa asubuhi, baada ya mtu kukaa kwenye benchi kwa muda mrefu katika jengo lenye ubaridi. Anapoitwa, miguu imeshatulia. Daktari anaangalia, haoni kitu, anaandika dawa ya maumivu. Dawa ya tatizo hili iko mfukoni mwa kila mtu: simu. Piga picha miguu inapowaka, na nyingine imetulia, mahali pamoja penye mwanga uleule. Andika saa ilipoanza, ulichokuwa ukifanya, na saa ilipoisha. Wiki mbili za kumbukumbu kama hizo zina thamani kuliko maelezo ya kukumbuka ukiwa na haraka mbele ya daktari. Wapo madaktari ambao humwomba mgonjwa apande ngazi au aweke miguu kwenye maji ya vuguvugu palepale kliniki ili kipindi kiamke mbele ya macho yao. Hilo lifanywe wao wakiwepo.

Kuna jambo ambalo vitabu vya tiba havilisemi vya kutosha, na kwetu lina uzito. Wekundu unaotajwa kuwa dalili kuu umeelezwa kwa ngozi nyeupe, na picha nyingi za mafunzo ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi, juu ya mguu unaweza kuona rangi ya zambarau, au weusi uliokolea unaong'aa, au usione mabadiliko yoyote. Tazama nyayo na viganja, ambako ngozi ni nyepesi, na huko wekundu huonekana wazi. Kisha tumia mkono: linganisha joto la mguu na la goti, au la mguu wakati mwingine. Mgonjwa mweusi anayeambiwa "hakuna wekundu, kwa hiyo sio" amenyimwa utambuzi kwa sababu ya kitabu.

Damu kwanza

Hadi hapa tumepata jina. Jina peke yake halitibu, kwa kuwa mguu uleule unaowaka unaweza kuwa na vyanzo tofauti kabisa, na dawa inayomponya mmoja haimsaidii mwenzake hata kidogo. Ningependa msomaji ashike hili kuliko yote mengine yaliyomo humu.

Chanzo cha kutafuta kwanza kiko kwenye damu. Kuna magonjwa ya uboho, yanayohesabiwa kati ya saratani za damu zinazokwenda polepole, ambapo uboho hutengeneza chembe kupita kiasi. Moja ni polisithemia vera, ambayo huzidisha hasa chembe nyekundu. Lingine ni thrombosithemia, ambayo huzidisha plateleti, yaani chembe zinazogandisha damu. Plateleti zikizidi, hujikusanya ndani ya vijishipa vidogo vya vidole, humwaga kemikali za uvimbe, na mguu unawaka. Zikiachwa, zinaweza kuziba vijishipa hivyo, vidole vikageuka buluu na hata kuoza. Kwa baadhi ya watu, miguu kuwaka moto ndiyo dalili ya kwanza kabisa ya ugonjwa wa damu, kabla ya kiharusi au damu kuganda kwenye mshipa mkubwa.

Kugundua haya huanza na hemogramu, kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu ambacho hata hospitali ndogo za mitaani hufanya. Plateleti za kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita. Zikiwa juu ya hapo, na zikaendelea kuwa juu kipimo kikirudiwa, kinachofuata ni kumwona mtaalamu wa damu na kupima mabadiliko ya jeni iitwayo JAK2, yaliyogunduliwa 2005. Mabadiliko hayo hupatikana kwa karibu kila mwenye polisithemia vera na kwa zaidi ya nusu ya wenye thrombosithemia. Hemoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, nayo isomwe kwa makini, maana Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na wakazi wa miinuko huwa na hemoglobini iliyo juu kidogo kuliko watu wa Mombasa. Kuzidi kidogo hakumaanishi ugonjwa, na kwa upande mwingine mwinuko usitumiwe kueleza hesabu iliyopanda mno.

Kwa wagonjwa wa kundi hili, aspirini hufanya kazi ya kushangaza. Dozi ndogo, mara nyingi miligramu 75 hadi 100 kwa siku, huweza kuzima moto wa miezi mingi ndani ya muda mfupi, na nafuu ya dozi moja ikadumu siku kadhaa. Mwitikio huo hata hutumika kama ushahidi kwamba tatizo ni la plateleti. Pamoja nayo, ugonjwa wenyewe hutibiwa: kwa polisithemia mgonjwa hutolewa damu kwa vipindi, na wengine huhitaji hidroksiurea, dawa ambayo familia nyingi zenye selimundu zinaijua tayari.

Najua mtu atasoma hapa na kwenda dukani kununua aspirini leo jioni. Asubiri majibu ya damu. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutokwa damu. Plateleti zikivuka milioni moja, damu inaweza kuanza kuvuja badala ya kuganda, na aspirini ikazidisha hatari hiyo. Mtoto asipewe aspirini bila amri ya daktari, kwa sababu ya hatari ya ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo.

Neva na jeni

Hemogramu ikiwa safi, macho yanageukia neva. Maumivu na joto husafirishwa na nyuzi nyembamba sana za neva zilizo ngozini, na nyuzi hizo hizo hushiriki kuongoza upanukaji wa mishipa ya damu ya miguu. Zikiharibika, mguu unaweza kuuma na kuwaka kwa wakati mmoja. Wagonjwa wengi wamefanyiwa kipimo cha umeme wa neva, kikatoka kizuri, wakaambiwa neva zao ni nzima na labda tatizo liko kichwani. Kipimo kile hupima nyuzi nene. Nyuzi nyembamba hakizioni. Njia ya kuzipima ni kukata kipande cha ngozi cha upana wa milimita tatu hivi juu ya kifundo cha mguu, kisha kuzihesabu chini ya darubini. Chanzo cha uharibifu kinaweza kuwa kisukari, magonjwa ya kinga kujishambulia kama lupasi, au kisijulikane.

Orodha ya dawa anazotumia mgonjwa ipitiwe pia. Nifedipini na verapamili, zinazotolewa kwa presha, zimeripotiwa kuamsha au kuzidisha erithromelaljia kwa baadhi ya watu. Nifedipini hutumiwa pia kwa wale ambao vidole vyao hubana na kuwa baridi, kwa hiyo daktari akikosea kati ya hali hizi mbili anaweza kuongeza moto akidhani anautuliza. Usiache dawa ya presha mwenyewe, mweleze aliyekuandikia akubadilishie. Sumu ya zebaki pia huweza kuleta mikono na miguu myekundu yenye maumivu, hasa kwa watoto, na krimu za kujichubua zenye zebaki bado huuzwa kwa siri. Mama anayejipaka krimu hiyo humgusa mtoto mchana kutwa. Daktari akiuliza kuhusu krimu, aambiwe ukweli.

Kisha kuna wale waliozaliwa nayo. Hapa mgonjwa huanza kulalamika akiwa mtoto, na ukiuliza nyumbani unasikia kwamba hata baba au nyanya alikuwa akilala miguu nje. Mwaka 2004 watafiti wa China waligundua kwamba familia za aina hii zina mabadiliko katika jeni iitwayo SCN9A. Jeni hiyo hutengeneza mlango wa kupitisha sodiamu katika neva za maumivu, unaojulikana kama Nav1.7. Mlango usio na kasoro hufunguka neva inapopata kichocheo cha kutosha. Mlango uliobadilika ni kama ule wenye komeo legevu: upepo mdogo unaufungua, na ukishafunguka unachelewa kujifunga. Joto la soksi, ambalo kwako ni raha, kwa neva hiyo ni taarifa ya kuungua. Anayebeba badiliko hilo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulipitisha kwa kila mtoto anayemzaa.

Uthibitisho wa nguvu za mlango huo ulitoka Pakistan. Mwaka 2006 watafiti walieleza familia za kaskazini mwa nchi hiyo ambazo jeni ileile imezimika kabisa, na watu wake hawajui maumivu ni nini. Utafiti ulichochewa na mvulana mmoja aliyekuwa akijichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa ili watu wamtupie pesa. Alifariki kabla ya kufikisha miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Jeni moja, ikilegea inaunguza, ikizimika inaondoa hata onyo linalomlinda mtu.

Tangu hapo makampuni ya dawa yamekuwa yakisaka kidonge cha kufunga Nav1.7 peke yake. Kimoja kilijaribiwa kwa wagonjwa watano wa aina ya kurithi, matokeo yakatolewa 2016, na wengi wao walipata nafuu fulani. Bado hakuna dawa ya namna hiyo iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu. Zilizopo ni dawa za zamani zinazotuliza milango ya sodiamu kwa jumla. Karbamazepini, ile ya kifafa, imewasaidia sana watu wenye mabadiliko fulani ya SCN9A na haikuwasaidia wengine. Meksiletini, dawa ya mapigo ya moyo, imesaidia baadhi ya familia, lakini moyo hupimwa kwanza. Kwa mgonjwa wa Nairobi niongeze onyo kuhusu karbamazepini: hupunguza nguvu ya dolutegraviri iliyomo kwenye ARV nyingi za sasa, na ya vidonge vingi vya kupanga uzazi. Daktari anayeiandika lazima ajue unatumia nini, hata kama ni jambo ambalo hupendi kulitaja.

Kipimo cha SCN9A ni ghali, na wagonjwa wengi wakipimwa hawakutwi na badiliko lolote. Kwa mtu mzima aliyeanza kuumwa akiwa na miaka 50, bila historia ya familia, mimi ningetumia pesa hizo kwenye hemogramu ya kurudia, sukari, B12 na JAK2. Kwa mtoto ambaye baba yake pia anaumwa, kipimo cha jeni kina maana.

Matibabu ya kila siku

Kwa wasio na tatizo la plateleti, matibabu ni ya kujaribu na kupima. Mara nyingi huanzia kwenye ngozi: viraka au jeli ya lidokaini, dawa ya ganzi, au krimu ya kuchanganywa na mfamasia yenye amitriptilini na ketamini. Vikishindwa, hufuata vidonge vya neva kama gabapentini, pregabalini, dulokzetini, venlafaksini au amitriptilini. Kila dawa ipewe wiki kadhaa, ianzwe kwa dozi ndogo, na ibadilishwe moja baada ya nyingine, maana ukianza tatu kwa mkupuo hutajua ipi imekusaidia na ipi inakulewesha. Dawa kali za jamii ya mofini husaidia kidogo na huleta uraibu. Mafuta ya kuchua yanayochoma, ambayo ndiyo jambo la kwanza watu wengi hununua, ni kuongeza kuni.

Barafu inahitaji maelezo yake, kwa kuwa imewaharibu watu waliokuwa wakijitibu kwa nia njema. Mgonjwa hugundua haraka kwamba beseni la maji ya barafu linazima moto, na anapoona linafanya kazi anaongeza muda, hadi wengine wanaishi na miguu ndani ya beseni mchana na usiku. Ngozi iliyolowa hivyo hulainika, hupasuka, hupata vidonda visivyopona, na bakteria huingia. Juu ya hayo, mguu ukitolewa kwenye barafu mishipa hufunguka kwa kishindo na kipindi kinachofuata kinakuwa kikali zaidi. Kwa hiyo feni ni bora kuliko beseni. Sakafu ya saruji ni bora kuliko barafu. Ukilazimika kutumia maji, yawe ya bomba, kwa dakika chache, kisha ukaushe miguu vizuri, hata katikati ya vidole. Inua miguu juu ya kiti au mto. Vaa viatu vya wazi, akala za Kariokor zinatosha, na usiloweke wala kufunika miguu kwa muda mrefu.

Kwa watoto tatizo huhamia shuleni. Kanuni zinataka viatu vya ngozi na soksi ndefu, na gwaride la asubuhi linataka mtoto asimame juani. Mtoto anayevua viatu chini ya dawati anaonekana mtundu, na anayelia gwarideni anaonekana mvivu. Barua ya daktari inayosema waziwazi kwamba avae ndara, akae wakati wa gwaride na asiadhibiwe kwa hilo ni sehemu ya matibabu sawa na kidonge, na mzazi aiombe siku ileile ya utambuzi.

Watu huuliza kama ugonjwa huu unaisha. Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani ilichapisha mwaka 2000 habari za wagonjwa wake 168. Kati ya waliofuatiliwa, kwa wastani wa miaka karibu tisa, takriban theluthi walizidiwa, zaidi ya robo walibaki vilevile, karibu theluthi walipata nafuu, na mmoja hivi kati ya kumi aliacha kuumwa kabisa. Katika kundi hilo walikuwamo pia waliojiua. Maumivu yanayomnyima mtu usingizi miaka nenda miaka rudi, huku kila mtu akimwambia miguu yake haina kitu, huvunja moyo wa yeyote, na daktari anapaswa kuuliza kuhusu usingizi na huzuni katika kila ziara bila kusubiri mgonjwa aanze.

Anayeshuku kwamba ana ugonjwa huu aanze hospitali iliyo karibu naye, afanyiwe hemogramu, sukari, B12 na kipimo cha figo, kisha aombe rufaa: kwa mtaalamu wa damu kama plateleti au hemoglobini ziko juu, kwa mtaalamu wa neva kama ziko sawa. Wote wawili wanapatikana Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali kubwa za binafsi. Abebe picha za simu, orodha ya dawa zote anazotumia pamoja na krimu, na majibu ya vipimo vya zamani, kwa sababu hesabu ya plateleti ya miaka mitatu iliyopita ikilinganishwa na ya leo inaweza kuonyesha kitu ambacho karatasi moja haiwezi.